Bilha na Picha za Ghalani

Mama mkwe wangu, Bilha, aliweza kuangalia picha ya sinema kwa muda wa kumenya kiazi kimoja tu, akakuambia kama watu waliomo ni Wayahudi au si Wayahudi. Kiingereza hakujua. Kusoma alisoma kidogo, Biblia na barua za mwanawe. Lakini alikuwa amepika miaka ishirini katika nyumba ya Wayahudi, shamba lililo kwenye njia ya Suam, maili kumi na moja kutoka Kitale, na alisema jambo hilo halijulikani kwa ndevu wala kwa nguo. Linajulikana kwa mabega.

"Mabega gani, Mama?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Ya mtu amebeba kitu, hataki kukiweka chini, na hataki umsaidie."

Nilicheka, maana nilikuwa mgeni pale. Baadaye niliona kwamba hakuwa anatania.

Alizaliwa Matulo, katika nchi ya Bukusu. Alikuja Kitale mwaka wa 1928 pamoja na mumewe, aliyeandikwa kazi ya kung'oa visiki. Mwaka wa pili mti ulimwangukia mumewe, akafa palepale, na Bilha akabaki na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye Wakhungu, mume wangu. Watu wote walidhani mjane atafunga mizigo arudi kwao. Siku ya nne baada ya mazishi, memsahib wa shamba alikuja kambini kwa miguu, akaketi kwenye majani katikati ya wanawake, akanyamaza. Hakusema pole. Hakusema chochote. Alikaa hivyo mpaka jua likageuka, kisha akainuka akaenda.

Wanawake waliogopa. Kwetu Bukusu, mtu akija matangani akanyamaza, watu wanaanza kumwangalia yeye kama mchawi. Kesho yake Bilha alikwenda nyumba kubwa kuuliza memsahib alikuwa anatafuta nini. Memsahib alijaribu kueleza kwa Kiswahili chake kidogo: kwao, mtu aliyefiwa haambiwi neno mpaka yeye mwenyewe afungue kinywa. Wewe unakaa tu. Bilha hakuwa amefungua, basi na yeye hakufungua. Walipomaliza kueleweshana, kulikuwa na karoti mezani na kisu kando yake, na Bilha akaanza kuzikwangua. Hivyo ndivyo alivyoingia kazini. Hakuna aliyemwandika.

Memsahib aliitwa Roza. Mumewe wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, kwa sababu hata akila hakuvua kofia. Walitoka Litwania, mbali huko Ulaya ya baridi. Jikoni mwao vyombo vya maziwa vilikaa upande wa dirisha na vya nyama upande wa mlango, na ole wako ukivichanganya. Bilha alizoea upesi. Aliyefurahi zaidi ni Jepkemboi, mkamuaji wa ng'ombe, mwenye kwao Mlima Elgon, ambaye tangu utoto alifundishwa kwamba nyama na maziwa havikutani tumboni siku moja.

"Mimi nilijua hawa si wazungu," Jepkemboi alikuwa akisema. "Hawa ni watu wetu walipotea njia."

Sasa nieleze habari ya picha.

Bwana Kofia alipenda sinema kama wengine wanavyopenda pombe. Alinunua mashine ya kuonyesha picha, akaifunga kwenye dainamo iliyozungushwa na mashine ya kusaga posho. Picha zenyewe zilikuja na treni kutoka Nairobi, zimekunjwa ndani ya makopo mapana ya bati, na baada ya majuma mawili zilirudishwa. Zilionyeshwa Jumapili mchana, sisi tukiwa tumetoka kanisani, ndani ya ghala la mahindi. Madirisha yalizibwa kwa magunia na ukutani ikatundikwa shuka ya kitanda.

Mimi nilifika shambani mwaka wa 1949, mjamzito. Wakhungu alikuwa tarishi wa posta Bungoma akilala katika chumba kimoja na vijana wengine watatu, kwa hiyo nilipelekwa kwa mama yake nijifungue huko. Picha za kwanza nilizoona maishani niliziona nikiwa nimeketi juu ya gunia la mahindi, miguu imevimba. Nakumbuka vumbi. Mwanga ulipotoka kwenye mashine, vumbi la mahindi lilikuwa likielea ndani yake polepole, dhahabu tupu, na mle ndani ya vumbi watu walikuwa wakipita kwenda ukutani: wanawake wenye kofia za manyoya, mitaa yenye theluji, gari la moshi lisilo na sauti. Nje jua lilikuwa linawaka na kuku wanalia. Mtoto tumboni alikuwa akitulia mashine ikianza, na ikizimwa anapiga teke. Mpaka leo sijui kama nilikuwa macho au nimesinzia. Picha nyingine nikijaribu kuzikumbuka nakuta nimeziunganisha na ndoto zangu, na sioni pa kukata.

Memsahib Roza alikaa kiti cha mbele, Bilha kando yake na ungo wa maharagwe mapajani, maana hakuweza kukaa mikono mitupu. Kila mtu mpya alipotokea kwenye shuka, memsahib alisema jambo moja kati ya mawili.

"Hii yetu."

Au, "Hapana yetu."

Katika picha hizo hakuna aliyesema kwamba yeye ni Myahudi. Hakuna. Walikuwa madaktari, wauza maua, wanajeshi. Lakini memsahib aliwajua, na Bilha akajifunza kuwajua, na kutoka kwa Bilha ugonjwa huo ukatuambukiza wote. Wabwile, dereva wa trekta ambaye Bwana alimfundisha kuendesha mashine ya sinema, ndiye alileta vipimo. Pale ghalani tulipimia mahindi kwa kibaba na debe, basi na Uyahudi wa picha ukapimwa hivyo. Picha ya farasi na bunduki ilikosa hata punje. Picha ya daktari mwenye mke mgonjwa ilifika nusu debe. Watu walitoka mlangoni wakibishana, macho yamefinywa na jua.

Picha iliyojaza debe mpaka kumwagika ilikuwa ya fundi wa miavuli. Mtu mdogo, mwembamba, kibanda chake kiko katika mji ambao mvua imekataa kunyesha. Kila asubuhi anafungua mlango, anaangalia juu, anainua mikono na mabega pamoja, anauliza mbingu swali. Mbingu haijibu. Yeye anajibu kwa niaba yake, kisha anabisha hilo jibu.

"Hii," memsahib alisema, akimpiga Bilha gotini, "hii ndugu ya baba yangu kabisa."

Ya pili ilikuwa ya mama mwenye binti wanne. Yule mama hakuonekana bila upawa wa supu. Binti akilia anapewa supu, akipata mchumba anapewa supu, na mchumba mwenyewe alipokuja kusema hamtaki tena binti, akaketishwa akapewa supu kwanza.

"Wote yetu," memsahib alisema.

Wabwile alisimama kando ya mashine, akaonyesha kona ya shuka kwa kidole. "Lakini memsahib, si wako na mti ya Krismasi pale?"

"Mti ni ya mwenye sinema. Mama ni yetu."

Kulikuwa na picha moja tu iliyotugawanya. Hiyo ilikuwa ya Biblia. Ilikuwa na mfalme mrefu, ndevu hadi kifuani, ngamia, mawingu yanayopasuka. Sisi Wakristo tulinyamaza kama tuko kanisani. Thuo, seremala kutoka upande wa Nyeri, mzee wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo, alivua kofia yake. Na wakati mfalme anainua fimbo, memsahib na mumewe walianza kucheka. Walicheka mpaka Bwana Kofia akashika ubavu.

"Hapana Myahudi moja ndani," memsahib alisema, akipangusa macho. "Moja hapana."

Thuo aliumia. Hakusema siku hiyo, lakini kesho yake alimfuata Bilha jikoni na kumwambia kwamba, kwa heshima, memsahib amekosea. Hao ni Waisraeli wenyewe, wameandikwa, na majina yao yapo. Yule mwenye mwavuli ameandikwa wapi? Bilha alimwambia aketi anywe chai. Mabishano hayo hayakwisha. Kila mtu alikuwa na Myahudi wake. Jepkemboi alishikilia mambo ya maziwa. Wabwile alishikilia kwamba Wayahudi ni Babukusu kwa sababu wanatahiri, ingawa alidharau kwamba wanamtahiri mtoto wa siku nane.

"Mtoto wa siku nane ataonyesha ujasiri wapi?" alisema. "Hata kama analia, utajua ni kisu ama ni njaa?"

Mwezi wa nne wa 1950, mvua kubwa zikiwa zimeanza, Bwana Kofia alikwenda kuangalia mfereji wa maji, akaketi kwenye ukingo, hakuinuka. Wabwile ndiye alimkuta. Alisema alidhani anafikiri.

Wayahudi wenzao walikuja kutoka Eldoret na Kitale, wanaume kumi na wake wachache, lori na magari yakiteleza. Walimzika kilimani kesho yake, maana kwao maiti haingoji. Kisha wakarudi nyumbani wakafunika kioo cha ukumbini kwa kitambaa, wakampa memsahib mayai na mkate walioleta wenyewe, wakasema watakuja kila jioni kwa muda wa siku saba kuomba naye. Jioni hiyohiyo daraja la chini lilichukuliwa na maji. Hakuna aliyeweza kuja tena.

Memsahib Roza akabaki peke yake. Hawakuwa na watoto. Ndugu zake wa Ulaya walikwisha wakati wa vita, wote, na barua zilizoandikwa kwao zilirudi na mihuri. Aliketi kwenye kigoda kifupi ambacho Bilha alikitoa jikoni, ukosi wa nguo yake umechanwa upande wa moyo kama ilivyo desturi yao, akaangalia sakafu. Siku ya kwanza hakusema, hakula. Siku ya pili vilevile. Bilha alimpelekea supu, ikapoa, akairudisha. Alimpelekea mkate, nzi wakautulia. Siku ya tatu maji aliyomwekea alfajiri yalikuwa palepale saa sita.

Usiku ule Bilha alimshika mwanangu Mukhisa, aliyekuwa na miezi mitano, akamweka kifuani.

"Nimeona watu wakienda hivi," aliniambia. "Hawagonjwi. Wanakaa tu wanajifunga, kama mlango unafungwa na upepo. Wiki moja, basi."

"Si umwambie ale, Mama? Wewe anakusikia."

"Siwezi kumsemesha. Kwao ni mwiko. Asiposema yeye, mimi nitasema nini?"

Niliona jinsi jambo hilo lilivyombana. Kwetu angejua la kufanya. Angeita watu, wangejaza nyumba, wangemsema marehemu mema na mabaya, wangechinja, wangeimba, mzee angesimama katikati ya watu akatoa maneno ya kutuliza, na mjane angelazimika kula kwa sababu wageni wanamwangalia. Lakini nyumba ile kubwa ilikuwa kimya kama kisima, na mwenye nyumba alikuwa anazama ndani yake, na kamba ya kumtolea ilikuwa ni maneno, na maneno yamekatazwa.

Siku ya nne Bilha aliwaita Wabwile, Thuo na Jepkemboi mlangoni pa jikoni. Mvua ilikuwa imepumzika.

"Mtaenda kukaa naye," alisema. "Mkiingia msisalimu. Msiketi kwa kiti. Msiseme pole."

Wabwile alikuna kichwa. "Sasa, Mama Wakhungu, tunaenda kufanya nini? Kuangalia ukuta?"

"Kukaa."

"Watu watasema ni sisi tumemroga mzee."

"Watu gani? Daraja hakuna."

Wakaingia, miguu mitupu, viatu wameacha nje. Na mimi niliingia na mtoto, nikaketi karibu na mlango. Tulikaa. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa, au ilikuwa imesimama yenyewe, sijui. Mwanga wa mvua ulikuwa wa kijivu na laini, na wote mle ndani tulionekana kama watu wa picha, wasio na rangi. Memsahib hakuinua macho. Nywele zake zilikuwa hazijachanwa. Thuo alikuwa na shida kubwa kuliko wote, maana midomo yake ilikuwa inataka kuomba kwa sauti na aliizuia kwa mkono. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, tukatoka.

"Nimechoka kuliko kulima," Wabwile alisema huko nje.

Memsahib hakuwa amekula. Hakuwa amesema.

Siku ya tano tukaingia tena. Mchana ule Bilha alikuja na ungo wa maharagwe, akaketi sakafuni katikati yetu, akaanza kuchambua. Maharagwe yalianguka moja moja kwenye sahani ya bati. Nilikuwa nikimnyonyesha Mukhisa, na usingizi ulikuwa unanichukua, kwa hiyo Bilha aliposema nilidhani ni ndoto.

"Wabwile," alisema, taratibu, bila kumtazama memsahib. "Yule fundi wa miavuli. Mwisho wake alifanya nini?"

Wabwile alimkazia macho. Sote tulimkazia. Bilha aliendelea kuchambua.

"Nimekuuliza wewe," alisema. "Sijamuuliza mtu mwingine."

Hapo nikaelewa. Mwiko ulikuwa wa kumsemesha mfiwa. Haukusema lolote juu ya mtu kumsemesha jirani yake.

Wabwile alikohoa. "Mwisho... si mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha. Halafu?"

"Halafu watu wote wakakuja na miavuli yao. Na yeye amekosa mwavuli yake mwenyewe. Amesimama nje analowa. Anaangalia juu." Wabwile aliinuka bila kujua. Aliinua mikono, akainua mabega, akaangalia dari ya mbao kwa uchungu kiasi kwamba Jepkemboi alifunika kinywa. "Anasema, sasa? Si nilikuomba mwezi mzima? Na leo, siku nimeuza yangu?"

"Hakuuza. Alimwazima mtu," Jepkemboi alisema.

"Aliuza."

"Alimwazima yule mama wa maziwa. Ndiyo maana nasema huyo ni wa kwetu. Mtu wa kwetu hawezi kumnyima mwenye maziwa."

"Wa kwenu ana ng'ombe. Huyu hana hata kuku. Huyu ni Mbukusu amekosa shamba."

"Na ile ya supu?" Bilha aliuliza.

Wabwile alichukua kijiko kirefu mezani, akawa mama wa supu. Alinijia mimi kwanza, akanipa supu ya hewa. Alimpa Mukhisa. Alimpa Jepkemboi. Alipofika kwa Thuo, Thuo aliiweka kando kwa kiganja.

"Mnacheza," Thuo alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, na nadhani alikuwa amesahau tuko wapi, kwa vile donda hili lilikuwa la muda mrefu. "Mnazungumza juu ya miavuli na supu. Kama mnataka Wayahudi, tulionyeshwa Wayahudi. Yule mfalme. Mtu mrefu, mwenye adabu, anasema neno moja na bahari inasikia. Huyo ndiye. Hata Bwana, Mungu amrehemu, alikuwa na kitu cha mfalme yule. Namna ya kusimama."

"Bwana alikuwa mfupi, bana," Wabwile alisema.

"Nasema kusimama, sisemi urefu."

"Alikuwa anasimama akiwa ameinama upande. Kama mwavuli."

"Kama mfalme."

"Mfalme ile," memsahib Roza alisema, "ni Mwingereza."

Sauti yake ilikuwa imekauka, kama mlango wa stoo isiyofunguliwa. Bado alikuwa anaangalia sakafu.

"Mwingereza kabisa," alisema tena. "Angalia mguu. Mguu ya kucheza tenisi."

Wabwile aliketi chini na kijiko chake. Thuo aliinamisha kichwa, na nilidhani ameumia tena, lakini alisema kwa upole, "Basi, memsahib, nimesikia. Lakini Bwana alisimama vizuri."

"Hapana," memsahib alisema. "Yeye kusimama vibaya sana. Mgongo namna hii." Alionyesha kwa mkono. Mkono ulibaki hewani, kisha ukarudi mapajani. Halafu akaanza kusimulia, na Kiswahili chake kilikuwa kinakatika na kuingia maneno ya kwao, lakini tulimfuata.

Alisema alikuwa na miaka kumi na tisa. Katika mji wao kulikuwa na ukumbi mmoja wa picha, zamani ulikuwa stoo ya nafaka, na picha wakati huo zilikuwa hazisemi, zilikuwa na maneno ya kusoma. Wazee wasiojua kusoma waliuliza, na waliojua wakawasomea kwa sauti, na kila mtu alisoma tofauti, na wakabishana. Siku hiyo picha ilikuwa ya nahodha wa meli. Meli imekwama kwenye barafu. Nahodha anaandika barua kwa mke wake. Nyuma yake Roza kulikuwa na kijana mwenye kofia ambaye hakumwacha nahodha aandike. Kila mstari alimjibu. Usimwambie hivyo, utamtia hofu. Sasa unamwambia habari ya dubu ya nini? Mwambie umekula.

"Mimi nageuka," memsahib alisema, "nasema yeye, nyamaza, hii mtu hapana sikia wewe. Yeye nasema mimi, kama hapana sikia, mimi napoteza nini?"

Mabega yake yaliinuka kidogo. Bilha aliyaona. Mimi nilimwona Bilha akiyaona.

"Nahodha hapana Myahudi," memsahib alisema. "Meli yote hapana. Dubu hapana. Lakini ukumbi... ukumbi yote yetu. Kila mtu anasema na picha. Baba yangu, ndugu ya baba yangu, mwenye duka ya mkate. Ile picha ilikuwa yetu kuliko picha yote, kwa sababu watu yake walikuwa huku," akagusa kifua, "hapana kule ukutani." Akashusha mkono. "Sasa ile ukumbi hapana. Ile watu hapana. Yeye alikuwa wa mwisho alikuwa ndani pamoja na mimi."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati. Thuo alisema, polepole, kama mtu anayejaribu ubao kabla ya kuukanyaga, "Huyo nahodha. Alifika nyumbani?"

Memsahib alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tano kumwangalia mtu usoni.

"Hapana jua," alisema. "Sisi tulikuwa tunabishana."

Wabwile alicheka kabla ya kujizuia, na Jepkemboi akacheka kwa sababu ya Wabwile, na memsahib alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko na haikuwa kilio. Bilha alikuwa amekwisha ondoka. Alirudi na bakuli la mayai manne ya kuku wake mwenyewe, kutoka kibanda cha nyuma ya nyumba yetu, maana siku ile ya mazishi alikuwa amesikia kwamba mfiwa hulishwa na majirani. Aliliweka sakafuni, akamenya moja, akalishika mkononi bila kusema.

Memsahib alilichukua. Alilila taratibu, huku akimwambia Wabwile kwamba amemharibu yule fundi wa miavuli, kwamba kuna sehemu kubwa ya katikati ameiruka, ile ya jirani mwenye kikohozi, na kwamba bila kikohozi mwisho hauna maana. Wabwile alisema kikohozi anakikumbuka lakini hakutaka kukohoa nyumba ya matanga. Memsahib alisema akohoe. Akakohoa. Memsahib alichukua yai la pili.

Mimi nilitoka kwenda kubadilisha nguo za mtoto, na katika kile kijia cha giza kati ya ukumbi na jiko nilimkuta Bilha. Alikuwa amesimama ameegemea ukuta, paji la uso limegusa mbao, na ungo wa maharagwe umeshikwa kiunoni. Mgongo wake ulikuwa unatikisika. Sikumgusa. Nilisimama tu karibu naye, Mukhisa begani, mpaka alipopangusa uso kwa ncha ya leso.

Kutoka ukumbini tulisikia sauti tatu kwa pamoja, na ya memsahib ikiwa juu ya zote.

"Mama Mukhisa," Bilha aliniambia, "yale mayai hayatatosha. Chemsha mengine."